Figo kubwa sio figo nzima: stori ya sukari, panya na susu wangu

Figo za susu zilikuwa kubwa na sisi tukafurahi.

Hiyo ilikuwa 2019. Nilikuwa kidato cha pili, ndio tumefunga shule, na mimi ndiye nilitumwa kumsindikiza kwenda kupigwa picha ya tumbo mjini, kwa sababu mjomba alikuwa anapakia ndengu. Jamaa wa mashine akampaka ile jeli baridi, akazungusha zungusha, akasema, "Mama, figo ziko sawa. Hakuna mawe. Tena ni kubwa hata kuliko kawaida." Susu hakushika Kiswahili chote, nikamtafsiria kwa Kikamba: ati figo zako ni kubwa. Akacheka sana. Wasee, kwetu Kithyoko ni kukavu. Mahali kama hapo kitu kikubwa ni kitu kizuri. Mbuzi mkubwa, embe kubwa, tangi kubwa ya maji. Sasa figo kubwa itakuwaje mbaya? Tuliporudi na matatu ya barabara ya Garissa tulishuka Matuu tukanunua ndizi za kusherehekea. Mtu ako na sukari tangu 2011, na sisi tunasherehekea na ndizi.

Hakuna mtu alimpima mkojo siku hiyo. Sitataja hospitali. Hata ningetaja, sidhani ilikuwa ni hiyo peke yake.

Miaka mitatu baadaye susu alikuwa kwa mashine ya dayalisisi mara mbili kwa wiki, na mimi nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, nasoma biokemia. Usiku mmoja nikiwa natafuta kitu cha asainmenti nikajikuta nasoma karatasi ya zamani kuhusu panya wenye kisukari. Kilichoandikwa hapo kilinifanya nifunge laputopu nitoke nje nipumue. Ilisema, kwa lugha ya kisayansi na bila haraka yoyote, kwamba figo ya panya aliyepata kisukari huanza kwa kukua. Inanona kwanza. Halafu ndio inaharibika.

Kumbe ile siku ya ndizi tulikuwa tumeambiwa, na sisi hatukujua kusikia.

Nimeacha chuo tangu hiyo wakati, mtu asiniulize kwa komenti, nitafika hapo. Lakini hiyo stori ya figo na panya sijawahi kuiacha. Nimeisoma nyuma hadi mwanzo wake. Na mwanzo wake ni mbwa.

Mwaka 1889, mji wa Strasbourg, ambao leo uko Ufaransa lakini wakati huo ulikuwa chini ya Wajerumani. Madaktari wawili, Oskar Minkowski na Joseph von Mering, walikuwa wanabishana kuhusu mafuta. Walitaka kujua kama kongosho ndilo linasaidia tumbo kusaga mafuta. Njia ya kujua ilikuwa moja: mtoe mbwa kongosho, uone. Minkowski akamtoa. Mbwa akaamka, akaishi, lakini akaanza kukojoa ovyo, na huyo alikuwa mbwa aliyefunzwa tabia. Minkowski akapima mkojo. Sukari tupu. Mtu alienda kutafuta mafuta akapata kisukari. Kaa na hiyo, kwa sababu hii stori yote inaenda hivyo: watu wanatafuta kitu hapa, wanakipata kingine pale.

Toronto mnaijua, kwa hivyo nitapita mbio. 1921, Frederick Banting na Charles Best wako kwa maabara ya profesa J.J.R. Macleod, wanafunga mifereji ya kongosho za mbwa na kutoa kongosho zingine, wakitafuta hiyo dawa iliyofichwa ndani. Tarehe 11 Januari 1922 wakamdunga kijana wa miaka 14, Leonard Thompson. Haikufanya kazi vizuri, dawa ilikuwa chafu. James Collip akaisafisha, akadungwa tena tarehe 23, na sukari ikashuka. Huyo kijana alikuwa amebaki mifupa, kwa sababu kabla ya insulini matibabu yalikuwa kukulaza njaa. Hakuna utani hapo. Walikunyima chakula ndio uishi miezi kadhaa zaidi. Halafu wakauza hati ya uvumbuzi kwa chuo kwa dola 1 kila mtu. Kila nikiona bei ya insulini kwa duka la dawa nakumbuka hiyo dola.

Sehemu ambayo haisimuliwi sana ni hii. Insulini iliponya kifo cha haraka ikafungua mlango wa kifo cha polepole. Kabla ya 1922 mtoto mwenye kisukari hakuishi kutosha figo zake ziharibike. Sasa watu wakaanza kuishi miaka kumi, kumi na tano, ishirini, na mwaka 1936 huko Boston Paul Kimmelstiel na Clifford Wilson wakaangalia figo za marehemu wachache kwa hadubini. Ndani ya vichujio vidogo vya figo wakaona vinundu. Mviringo, vigumu, kama mtu ameweka shanga ndani ya chujio ya chai. Karibu wote walikuwa wamewahi kuwa na kisukari. Mpaka leo madaktari wanaita hivyo vinundu kwa majina ya hao wawili.

Nikueleze chujio kidogo, kwa sababu bila hiyo mtapotea. Figo moja ina vichujio kama milioni. Kila kimoja ni kifundo cha mishipa midogo sana. Damu inaingia, maji na takataka vinatoka upande wa mkojo, vitu vya maana kama protini vinabaki. Ikiwa sukari kwa damu iko juu, vichujio vinafanya ovataimu. Vinachuja zaidi ya kawaida. Mtu anayefanya ovataimu hujaa misuli, na figo pia. Mwaka 1973 Carl Erik Mogensen na mwenzake wa Denmaki walionyesha hilo kwa vijana waliokuwa ndio wamepatikana na kisukari: figo zao zilikuwa kubwa kuliko za wenzao wazima. Swali likabaki, nani anaiambia figo ikue?

Hilo swali huwezi kumjibu kwa binadamu. Huwezi kumpa mtu kisukari Jumatatu ndio umpasue figo Jumatano. Hapo ndio panya anaingia, na sitajifanya napenda hiyo sehemu. Mimi ni mtu niliyelia mbuzi wetu alipochinjwa Krismasi. Lakini pia ni mtu niliyekaa kando ya mashine na susu masaa manne kwa mara moja. Sina jibu safi.

Njia ya kumpa panya kisukari ilipatikana kwa bahati, na tena ni stori ya figo. Ni 1943, Glasgow, wakati wa vita. Watu walikuwa wanachimbuliwa kutoka kwa nyumba zilizolipuliwa na mabomu, wanaonekana wazima, halafu siku chache baadaye wanakufa kwa sababu figo zimefungwa. John Shaw Dunn na wenzake walikuwa wanatafuta kemikali ya kuiga hiyo hali kwa sungura. Wakajaribu moja inaitwa aloksani. Badala ya kuua figo, ikaenda moja kwa moja kwa kongosho na kuua zile seli zinazotengeneza insulini. Strasbourg kinyume: huko walitafuta mafuta, hawa walitafuta figo, wote wakaishia kwa sukari. Mwaka 1963 ikaongezeka nyingine, streptozotosini, dawa iliyotoka kwa bakteria wa udongoni. Sindano moja, na panya ako na kisukari ndani ya siku chache.

Lakini mnyama wa hii stori ambaye nampenda zaidi hakudungwa kitu. Aliletewa tu chakula.

Nirudi Afrika kidogo. Daktari Hugh Trowell alikuja Afrika Mashariki mwaka 1929, akafanya kazi Kenya halafu miaka mingi Mulago, Kampala. Alipoandika kitabu chake cha 1960 kuhusu magonjwa yasiyoambukizwa Afrika, kumbukumbu yake ilikuwa kwamba kisukari kilikuwa nadra sana kwa Waafrika wa vijijini alipofika. Unaweza kusoma hiyo vibaya. Kuna watu waliisoma wakasema, basi Mwafrika ana damu tofauti. Unaweza pia kusema vipimo vilikuwa vichache, na wagonjwa wengi walikufa nyumbani bila kuonekana na mtu, na hiyo pia ni kweli kiasi. Trowell mwenyewe alienda upande mwingine, akaanza kuangalia sahani.

Sasa sikia panya wa jangwani. Anaishi kwa mchanga wa Misri na nchi jirani, jina lake la kisayansi ni Psammomys obesus. Anakula majani ya mimea ya chumvi, majani ambayo hayana nguvu yoyote ya maana, kwa hivyo anakula mchana kutwa. Akiwa huko ako sawa kabisa. Mwaka 1964 Knut Schmidt-Nielsen na wenzake waliripoti kilichotokea walipowaweka kwa maabara na kuwapa chakula cha kawaida cha panya wa maabara, kile panya wengine wote wanakula bila shida. Wakanenepa. Wakapata kisukari. Wengine macho yakawa na ukungu, wengine wakafa. Wale waliopewa mboga wakabaki wazima.

Hawakuwa wagonjwa, na chakula hakikuwa sumu. Mwili uliotengenezwa kwa shida ulikutana na wingi.

Nikisoma hiyo naona susu. Amezaliwa karibu 1950, amekula muthokoi na kunde na wimbi, amebeba maji mgongoni na kamba kichwani kilomita ngapi mimi sijui, amevuka ukame sijui mara ngapi. Halafu mama na mjomba wakapata kazi, wakamjengea karibu na soko, maji yakaletwa na boda, chapati kila siku, soda baridi kutoka kwa friji ya duka la chini. Hiyo haikuwa uvivu, wasee. Hiyo ilikuwa heshima. Mtoto wako akifanikiwa, mama hapiki tena muthokoi. Tulimpenda na chapati. Kwa hivyo mtu akiniletea ile hadithi ya ati watu wa sukari wamejitakia, mimi namwambia akamuulize panya wa Misri.

Turudi kwa swali: nani anaiambia figo ikue?

Jibu linaanzia kwa chumba cha kulala. Rita Levi-Montalcini alikuwa daktari kijana Torino, Italia, Myahudi, na sheria za Mussolini za 1938 zikamfungia nje ya chuo kikuu. Akatengeneza maabara chumbani kwake nyumbani na akaendelea kuchunguza mayai ya kuku, mishipa ya fahamu inavyokua ndani ya kifaranga. Vita vikipiga, yeye ako na mayai. Hapa huwa najilinganisha na yeye kwa dakika moja, halafu naona aibu. Yeye alifukuzwa, na alikuwa tayari amemaliza shahada. Mimi niliacha mwenyewe kwa sababu karo na nauli ya dayalisisi zilikuwa zinatoka mfuko mmoja na huo mfuko ulikuwa na tundu. Nilichotengeneza chumbani kwangu ni video. Lakini ile picha ya mtu anafanya kazi kitandani ilinisaidia mwaka mbaya, na sitaikana.

Baada ya vita alienda Marekani, St. Louis, na huko akafanya kazi na mwanakemia Stanley Cohen. Wakapata kitu kwa tezi za mate za panya, dutu inayofanya mishipa ya fahamu ichipuke. Cohen akaona pia kwamba ukimdunga panya mchanga maji ya hizo tezi, anafungua macho mapema kuliko wenzake. Kumbe hapo kulikuwa na kitu cha pili, kinachokuza ngozi. Hivi ndivyo vikaja kuitwa vichocheo vya ukuaji: protini ndogo ndogo ambazo seli moja inatuma kumwambia jirani, kua, gawanyika, au jenga. Nobeli yao ilikuja 1986.

Na hapo ndipo Denmaki inaingia tena, mji wa Aarhus, miaka ya mwisho ya themanini. Allan Flyvbjerg, Hans Ørskov na wenzao waliwapa panya kisukari kwa streptozotosini halafu wakapima figo siku kwa siku. Wakaona kwamba kichocheo kimoja, IGF-1, ambacho umbo lake linafanana na insulini, kinajaa ndani ya figo ndani ya siku moja mbili za kwanza. Kabla figo haijakua. Halafu inakua. Walipowapa panya dawa inayozuia homoni za ukuaji, IGF-1 haikujaa na figo haikunona. Sukari ilikuwa bado juu lakini figo ilibaki na ukubwa wake. Pia, panya aliyepewa insulini ya kutosha tangu mwanzo, sukari ikatulia, naye figo zake hazikukua hivyo.

Manze, siku mbili. Mimi nikisoma hiyo nilihesabu. Susu alikuwa na sukari miaka minane kabla ya ile picha ya tumbo.

Kukua ni hatua ya kwanza tu. Inayoua ni hatua ya kovu, na hiyo ina kichocheo chake, TGF-beta. Fikiria fundi wa plasta. Ukipata ufa ukutani unamwita, anaziba, anaenda. TGF-beta ni huyo fundi, na ukijikata kidole unamhitaji. Sasa fikiria fundi haendi. Kila asubuhi anarudi na ndoo ya plasta. Anapiga ukuta, halafu mlango, halafu madirisha. Baada ya miaka una nyumba ya plasta tupu, hakuna mahali pa hewa kupita. Hivyo vinundu vya Boston vya 1936 ndio plasta. Mwaka 2000 Fuad Ziyadeh na timu yake Philadelphia walichukua panya wanaozaliwa na kisukari cha kurithi, wakawapa kingamwili za kumshika huyo fundi mikono. Plasta ikapungua sana na figo zikaendelea kufanya kazi.

Ningekuwa natengeneza filamu ningeishia hapo na muziki. Lakini kingamwili ya aina hiyo ilipojaribiwa kwa binadamu, watu zaidi ya 400 wenye kisukari na figo zilizoanza kuchoka, jaribio likasimamishwa kabla ya wakati kwa sababu halikuwa linasaidia. Matokeo yakachapishwa 2017. Panya amepona, mtu hapana. Wengi wa hao watu plasta ilikuwa imeshakauka, hiyo ni fikra yangu, lakini pia panya anaishi miaka miwili na susu aliishi sabini na kitu. Sio mwili mmoja.

Kilichosaidia watu kilitoka kwa panya wale wale lakini kwa mlango mwingine. Barry Brenner na wenzake Boston waliona miaka ya themanini kwamba shida ni presha ndani ya chujio yenyewe, na 1986 wakaonyesha dawa ya presha aina fulani inalinda figo za panya wenye kisukari. Dawa ya kwanza ya hiyo familia ya kumezwa, kaptoprili, mzizi wake ni sumu ya nyoka wa Brazil, sitaanza hiyo stori leo. 1993 kaptoprili ikajaribiwa kwa watu 409 wenye kisukari cha aina ya kwanza, na hatari ya kufa au kufika kwa mashine ikapungua karibu nusu. 2001 ndugu yake, losartani, ikajaribiwa kwa watu 1,513 wa aina ya pili, aina ya susu, na hatari ya figo kufa kabisa ikashuka kwa asilimia 28. Hizi sio dawa za mbinguni. Losartani iko kwa maduka ya dawa hapa kwetu, ni kidonge cha kawaida cha presha.

Lakini lazima mtu ajue ni wewe wa kupewa. Na yule yule Mogensen, 1984, alishaonyesha utajuaje: protini inaitwa albumini ikianza kuvuja kwa mkojo, hata kidogo sana ambacho kijiti cha kawaida hakioni, hiyo ndio filimbi. Inapigwa miaka mingi kabla ya miguu kuvimba. Kikombe cha mkojo. Hiyo tu ndio ilikosekana 2019.

Kabla nimalize kuna panya mmoja wa mwisho, na huyu ni wetu. Laikipia, kituo cha utafiti cha Mpala, kwenye mawe makubwa kama yale yetu, kunaishi panya wa miiba, manyoya yake ya mgongoni ni magumu kama brashi. Wazee wanajua panya ambaye ukimshika anakuachia ngozi mkononi na kukimbia. Mwaka 2012 Ashley Seifert na wenzake, akiwemo Stephen Kiama wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambaye baadaye alikuwa makamu chansela wa hicho chuo, walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba hao panya wa Kenya wanapoteza vipande vikubwa vya ngozi na kuiotesha tena, na nywele zake na tezi zake, karibu bila kovu. Mnyama wa maziwa kama sisi, anafanya mambo ya mjusi. Halafu 2021 kundi moja huko Seattle likachukua ndugu ya huyo panya, likamuumiza figo vibaya sana, njia ambazo panya wa kawaida anabaki na figo ya plasta. Wa miiba akarudisha figo yake ikafanya kazi, bila kovu.

Hao hawakuwa na kisukari, usije ukaanza kushika panya kwa mawe umpelekee nyanya yako supu. Na kuna kichekesho: hao hao panya wa miiba walikuwa wameshawahi kufugwa Geneva miaka ya sitini kwa sababu wakinenepeshwa ndani ya maabara wengine walipata kisukari. Walikuwa wanaangaliwa kongosho. Hakuna aliyewaza kuangalia ngozi. Mtu alienda kutafuta sukari akaacha dhahabu imelala kwa sanduku kwa miaka hamsini.

Susu alituacha 2024. Siku za mwisho alikuwa anaamka saa tisa usiku tuwahi gari, na akifika mashine anauliza nesi kama leo maji yatatoka mengi. Nilijaribu kumweleza mara moja, kwa Kikamba, kuhusu figo kukua kwanza halafu kufa. Akaniambia hata mahindi ya mvua fupi yanafanya hivyo. Yanapanda juu haraka, halafu jua linapiga. Nikanyamaza. Alikuwa ameelewa kuniliko.

Mamangu ako na sukari pia, tangu 2021. Mwezi uliopita nilimpeleka kliniki, nikamwambia nesi nataka apimwe albumini kwa mkojo, ile ya kiwango kidogo. Akaniuliza mimi ni daktari? Nikasema hapana. Mwanafunzi? Nikasema hapana. Akaniangalia, akatoa kikombe. Ilibidi tulipie maabara nyingine kwa sababu yao haikuwa na hicho kipimo.

Ilikuwa inavuja. Kidogo. Daktari alisema ni mapema, akamwandikia losartani na kumwambia arudi baada ya miezi mitatu. Mama anaimeza asubuhi na chai isiyo na sukari, anakunja uso kila mara. Juzi alishika ile karatasi ya dawa akaigeuza geuza, akaniuliza kama na susu alikuwa anapewa hii.

Nikamwambia hapana, mathe. Hiyo hakupewa.